Namna ya kujenga na kupima seti ya roboti ya vitofali, kwa bazazi ba hapa Goma

Bandugu, maseti za roboti za vitofali zimeanza kuonekana mingi hapa kwetu, zingine zinatumwa na familia yenye iko Ulaya, zingine zinapita Gisenyi ndani ya mizigo, zingine ziko za mkono wa pili karto imeshapasuka, na mzazi anaulizaka tu swali moja: inatembea? Sasa mimi nasema kutembea haitoshi. Roboti ya kwa picha ya karto karibu zote zinatembeaka siku ya kwanza. Chenye tunapashwa kupima ni kama mutoto ataweza kujenga kitu yake mwenyewe wakati kitabu itaisha, na kama seti itakuwa ingali na uzima kisha miaka kadhaa. Nitaeleza vile ninafanyaka, kila mutu achukue chenye kinamusaidia.

Kwanza angalia namba ya karto. Kama ni LEGO, ile kampuni kubwa ya vitofali, ile namba inasema karibu yote: seti ya Mindstorms EV3 ya mwaka 2013 ni 31313, mapiesi 601. Boost ya 2017 ni 17101, mapiesi 847. Robot Inventor ya 2020 ni 51515, mapiesi 949. Hizi zote kampuni haizitoi tena, hata jina la Mindstorms walilifunga mwisho wa 2022, kwa hiyo yenye utapata ni ya zamani, na hiyo si mbaya juu plastiki yake inakawia sana, kitofali cha 1958 kingali kinashikana na cha leo. Chenye kinazeekaka mbio ni aplikasio. Boost haina ekra, bila tablete ao telefone yenye kuikubali hauna namna ya kuipa kazi. Robot Inventor nayo kampuni iliahidi kushughulikia aplikasio yake mpaka mwisho wa 2024 tu. EV3 ndiyo ninaipendea hapa: ina ekra na mabutoni yake, mutoto anaweza kutunga programu ndogo palepale kwa roboti, bila kompyuta, bila intaneti, hata umeme ikikatika kartie nzima.

Kwa hiyo mbele ya kulipa, fungua aplikasio kwa telefone YAKO, si ya muuzaji, iungane na Bluetooth, moteri izunguke, sensa (ni kama jicho ya roboti) isome kitu. Ikikataa, usitupe seti bado. Kuko Pybricks, inafunguka ndani ya Chrome, inaweka programu mupya ndani ya ubongo wa roboti (ile boksi yenye mawaya yote yanaingia), inakubali Boost na Robot Inventor na SPIKE Prime (seti ya LEGO ya masomo), na kuandika kwa Python, lugha moja ya kutunga programu, ni bure. Ni ya batoto bakubwa kidogo, kama bako sekondari, mutoto wa miaka saba utamuchokesha bure.

Na zile zenye hazina jina kubwa? Zinaweza kuwa muzuri, lakini pima vitofali. Bandika viwili, geuza chini, tikisa. Kisha bandua ubandike tena mara mingi, vile mutoto atafanya. Kikilegea palepale, ile roboti itaanguka mikono kila mara na mutoto ataamini kosa ni yake, na hiyo ndiyo inaniumizaka zaidi, juu mutoto hana kosa.

Sasa kujenga. Usijenge inje, tafadhali. Hii vumbi yetu ya volkano ni kama musasa, ikiingia ndani ya pinyo (vile vigurudumu vya meno) inakula plastiki na kuongeza uzito kwa moteri. Tandika kitenge ndani ya nyumba, chenye rangi moja kama kipo juu kwenye maua mingi kapiesi kadogo kanapotea. Panga mapiesi kufuatana na aina, si kufuatana na rangi, yaani mihimili (vile virefu vya matundu) pamoja, misumari (vile vidogo vya plastiki vya kushikanisha) pamoja, pinyo pamoja, maaksi (vifimbo vya kuingia ndani ya gurudumu) pamoja. Batoto banapenda kupanga kwa rangi lakini kutafuta piesi nyeusi ndani ya lundo nyeusi ni kazi.

Kitabu cha LEGO hakina maneno, ni mapicha tu, na hiyo kwa batoto betu benye banasema Kiswahili nyumbani na Kifaransa kwa masomo ni baraka kubwa, hakuna mwenye anaachwa nyuma. Kama kitabu kimepotea unaweza kutelesharje PDF bure kwa site ya LEGO ukiandika namba ya seti. Lakini kuko vitu kitabu hakisemi. Musumari mweusi unakazana ndani ya tundu, ule wa kijivu unazunguka bure, ukiweka mweusi mahali pa kijivu kiungo kitakaza na moteri itapiga kelele. Aksi nazo, mara mingi zenye urefu wa hesabu shufwa (unahesabu na matundu ya muhimili) ziko nyeusi, zenye witiri ziko kijivu, na kitabu kinachoraka aksi kwa urefu wake wa kweli, ndiyo hivi unaweza kuilaza juu ya picha (ya karatasi, si ya telefone!) uone kama inafanana. Kila mara unamaliza sehemu yenye kuzunguka, izungushe na kidole mbele ya kuendelea. Ikikwama sasa, utafungua mapiesi tatu, ikikwama kwa mwisho utafungua roboti nzima.

Mutoto ajenge, wewe ushike kitabu. Ninakuomba sana hapa papa, mama, yaya, usimunyanganye mapiesi. Akikosea acha aone mwenyewe ukurasa wa mbele hauingii.

Umeme. EV3 inakula batri sita za AA, Boost sita za AAA, na ndani ya karto hazimo. Batri mupya ya kawaida ni volti 1.5, sita zinafanya 9. Zile za kusharji ni 1.2, sita zinafanya 7.2, kwa hiyo roboti itaenda polepole kidogo, hiyo si ugonjwa. Mimi ningenunua za kusharji bila kufikiri, unazisharji wakati umeme iko, basi. Zile za bei ya chini sana za kandokando ya barabara zinakufa mbio, na roboti yenye batri zimechoka inafanya vitu ya ajabu, inakata Bluetooth, inageuka nusu, na mutu anasema seti imekufa kumbe ni batri.

Vipimo sasa. Chukua kaye, andika kila kitu, mutoto ndiye aandike.

Cha kwanza ni kwenda mbele bila kupinda. Pima kipenyo cha gurudumu, zidisha na 3.14. Gurudumu la milimita 56 linafanya karibu sentimita 17.6 kwa zunguko moja, kwa hiyo metre moja ni mizunguko 5.7 hivi, ao digrii 2046 kama programu inakubali digrii. Piga mustari na choki kwa sima, iendeshe, pima imefika wapi na imetoka kando sentimita ngapi. Rudilia. Yenye inakosea kila mara upande moja ni rahisi kurekebisha, pengine gurudumu moja linabana, lisogeze kidogo kwa aksi. Yenye leo inaenda kuume, kesho kushoto, ndiyo ya kuogopa, kuko kitu kimelegea ao moteri imechoka.

Kisha sensa ya rangi: bandika skochi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, sensa ikae juu kama sentimita moja, na roboti ifuate mustari. Fanya asubui, fanya na mangaribi chini ya taa, juu mwanga unabadilisha namba.

Sensa ya umbali inataka usikilize muzuri. Ile ya EV3 inatumia miali ya infraredi, inapima nguvu ya mwanga wenye unarudi, sasa weka mbele yake jiwe yetu nyeusi ya volkano na kisha karto nyeupe, umbali uleule. Jiwe nyeusi inakunywa mwanga, roboti itafikiri iko mbali na itaigonga. Ile ya Robot Inventor inatumia sauti yenye sikio halisikii, hiyo rangi haiijali, lakini tundika kitenge mbele yake utaona inachanganyikiwa, juu nguo laini inameza sauti. Hakuna yenye iko mbaya hapo, mutoto anajifunza kila sensa ina kitu haioni, na kwangu hii ndiyo somo kubwa ndani ya karto nzima.

Mwisho kuko kipimo chenye kwangu kinapita vyote. Funga kitabu, muambie mutoto: jenga chukudu. Kila mutoto wa Goma anaijua ile trotineti ya mbao, ameiona ikishuka na makala na mbao, hahitaji picha. Usimuambie namna. Atagundua mwenyewe magurudumu mawili haisimami bila mutu, ataongeza la tatu ao atatafuta mengine. Kisha weka maharagwe ndani ya kikombe, ipandishe ubao wenye umeinuliwa na vitabu, ongeza maharagwe mpaka moteri ishindwe. Hapo ndipo umuonyeshe pinyo: ndogo ya meno 8 kwa moteri, kubwa ya meno 24 kwa gurudumu, mwendo unapungua mara tatu lakini nguvu inaongezeka karibu mara tatu. Apande tena. Seti yenye mapiesi yake inaruhusu ile kazi, mihimili inatosha, pinyo ziko za aina mingi, hiyo nunua hata kama karto imepasuka. Yenye mapiesi yake yameumbwa kwa roboti moja tu, sura nzima ya plastiki, hiyo lipa kidogo, mutoto ataijenga na ataiweka kwa kabati.

Wakati hamuchezi, toa batri, zinavuja na kuharibu vyuma vya ndani. Ondoa vumbi kwa pinyo na brosi ya meno kavu. Na ile kaye iache ndani ya karto, na liste ya mapiesi yenye yanakosekana, ili leki yake ao mutoto wa jirani asianze kutafuta kitu chenye hakimo.