Kukaza bolti kwa tenshona ya haidroliki: tunavyofanya saiti huku Mtwara

Kijana mmoja aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA juzijuzi aliniona nashusha pampu na mahosi kwenye pikapu akaniuliza, "Mjomba, mzigo wote huu wa nini wakati spana ya toki ipo?" Swali zuri. Nilimjibu nikiwa nimeinama, jibu likawa fupi. Hapa nalieleza kwa kituo, na kazi yenyewe naipanga kwa hatua.

Ukikaza nati kwa spana ya toki, ile inayolia ikifika nguvu uliyoipangia, karibu nusu ya nguvu yako inaliwa na msuguano wa uso wa nati na washa. Asilimia 40 hivi inaliwa na nyuzi. Kinachobaki, kama asilimia 10, ndicho kinachoivuta bolti. Sasa hicho kidogo kinategemea grisi, kutu na vumbi, na huku kwetu kuna chumvi ya bahari inayopulizwa na kusi mpaka ndani ya makontena. Nati mbili zinaweza kulia "tak" kwenye toki ileile, bolti moja ikawa imebana kisawasawa na nyingine inajifanya tu.

Tenshona haigombani na msuguano. Inaishika bolti kwenye nyuzi zilizochomoza juu ya nati, inaivuta wima kama unavyovuta mpira wa manati, bolti inarefuka kidogo. Wewe unaishusha nati kwa mkono mpaka ikae. Ukiachia presha, bolti inataka kurudi fupi, nati inaikatalia. Kubana kwenyewe ndiko huko.

Mfano nitakaotumia ni nguzo ya kreni: flanji mbili za chuma, yaani sahani nene za kuungia, kila moja unene milimita 60, zimeungwa kwa stadi 24 (bolti zisizo na kichwa) za M36, yaani kipenyo milimita 36, gredi 8.8, nati juu na chini. Tuna tenshona 12.

Hatua ya 1: Kaa na kalamu kwanza

Usianze kazi kwa namba uliyosikia kwa fundi mwenzako. Presha ya saiti nyingine ni ya tenshona nyingine.

Gredi 8.8 kwa bolti nene kama hii huanza kulainika, yaani kurefuka bila kurudi, kwenye nyutoni 660 kwa kila milimita ya mraba. Eneo la M36 linalobeba mzigo ni milimita za mraba 817. Injinia wetu anataka asilimia 60 ya kiwango hicho ibaki ndani ya bolti. Hesabu: 660 mara 0.6 mara 817, unapata karibu kilonyutoni 324. Ni tani 33 hizo, kwa bolti moja. Semitrela iliyosheheni korosho kwenda bandarini haiko mbali na hapo.

Neno la kuangalia ni "ibaki". Ukiachia presha, mzigo unahama kutoka kwenye tenshona kwenda kwenye nati, nyuzi zinajipinda kidogo, washa inajikandamiza, na sehemu ya mvutano inapotea. Bolti fupi hupoteza zaidi kuliko ndefu. Kanuni tunayotumia wengi: gawa kipenyo cha bolti kwa urefu unaobanwa, kisha ongeza 1.01. Hapa urefu unaobanwa ni 60 na 60 na washa mbili za milimita 6, jumla 132. Basi 36 kwa 132 ni 0.27, ukiongeza unapata 1.28. Kwa hiyo unavuta kilonyutoni 415 ili zibaki 324.

Soma eneo la pistoni lililogongwa kwenye mwili wa tenshona. Zetu ni milimita za mraba 4,200. Nyutoni 415,000 gawa kwa 4,200 ni 98.8, na kwa kuwa nyutoni moja kwa milimita ya mraba ni baa 10, presha ni baa 988. Tunaandika 990.

Kabla ya kufunga daftari, hakiki jambo moja: wakati wa kuvuta, bolti itabeba 415,000 gawa kwa 817, kama nyutoni 508 kwa milimita ya mraba, ambazo ni asilimia 77 ya kikomo chake. Tuko salama. Ingezidi 90 ningemrudia injinia, nisingenyamaza.

Hatua ya 2: Stadi, nati na washa

Hapa ndipo nitakapokuchosha, maana hapa ndipo nilipowahi kuadhirika.

Ilikuwa kazi moja upande wa Lindi, miaka kadhaa iliyopita. Stadi zilikuwa zimekaa kwenye kontena tangu kabla ya masika. Kwa macho zilikuwa nzuri. Tukapiga brashi ya waya harakaharaka, tukapaka grisi, tukafunga. Presha ikapanda vizuri, msaidizi anazungusha nati, inakaza, ananiambia "imekaa, mjomba." Geji haina neno. Tumemaliza saa kumi, watu wanawaza pweza wa kuchoma. Kwenye kuhakiki (naeleza Hatua ya 8), nati iliyotakiwa kuanza kucheza karibu na baa 770 ikacheza kwenye 500. Ya pili vilevile. Ya tatu iko sawa. Ya nne, 520.

Nati zilikuwa hazijakaa. Zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye nyuzi zenye kutu jembamba, mkono wa msaidizi ukadanganyika. Bolti ilivutwa kwa tani zote zile, ikaachiwa ikarudi, nati ikiwa hewani kwa unene wa unywele. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyesema brashi inatosha. Tulifungua zote, tukafanya kazi kwa taa mpaka usiku, mbu wanatumaliza.

Tangu siku ile: kila nati inapitishwa kwa vidole, bila spana, kwenye urefu wote wa nyuzi, siku moja kabla. Ikikwama popote, stadi hiyo inarudi mezani: brashi, mafuta ya taa, kitambaa, jaribu tena. Ikikataa, tupa. Pia chora nambari kwenye stadi na nati yake wasiachane.

Mengine ya hatua hii ni mepesi. Kwangua rangi nene mahali washa inapokaa, kwa sababu rangi husinyaa taratibu chini ya mzigo na kukulegezea bolti baada ya wiki. Hakikisha nyuzi zilizochomoza juu ya nati hazipungui kipenyo cha bolti, yaani milimita 36 hapa. Pungufu ya hapo tenshona inashika nyuzi chache, na nyuzi chache zikichunika chini ya tani 42 hutapenda kuwepo.

Hatua ya 3: Kutanisha flanji

Ingiza stadi zote, funga nati kwa spana ya kawaida kwa kupishana, moja huku, inayoitazama kule, mpaka flanji zigusane pande zote. Pitisha filageji, vile visahani vyembamba vya kupimia upenyo, kwenye mzingo. Kama kuna mahali inaingia, tafuta sababu: kipande cha kulehemu, mchanga, flanji iliyopinda. Usitegemee tenshona ikanyooshe flanji. Itanyoosha, lakini kwa kula mvutano uliokusudia ubaki kwenye bolti.

Andika nambari 1 mpaka 24 kwa chaki. Witiri kwanza, shufwa baadaye.

Hatua ya 4: Kuvisha tenshona

Visha soketi juu ya nati, kisha weka daraja, lile guu la tenshona lenye dirisha. Dirisha litazame nje unakoweza kupitisha fimbo ya kuzungushia. Daraja likae bapa kwenye flanji. Likikalia ukingo wa washa au tone la kulehemu, tenshona itavuta bolti kwa kuipinda. Weka sehemu ya haidroliki juu yake, halafu funga nati ya kuvutia, ile ya tenshona inayoshika nyuzi zilizochomoza, mpaka chini kabisa. Angalia kwamba pistoni imerudi ndani yote. Pistoni nyingi zina mstari mwekundu: ukiuona umetokeza, umefika mwisho wa safari yake, simamisha.

Hatua ya 5: Hosi na pampu

Unganisha tenshona 12 kwa mnyororo wa hosi mpaka kwenye pampu. Futa kila kapla, yaani kiungio cha hosi, kabla ya kuichomeka. Mchanga wa huku ni mwembamba kama unga na ukiingia kwenye sili umeua tenshona. Kapla iingie mpaka mwisho. Iliyoingia nusu huziba mafuta, ukadhani tenshona kumi na mbili zimevuta kumbe ni kumi na moja. Hosi zisilale juani saa nzima mkiwa mmekwenda kula. Geji iwe na cheti cha kalibresheni ambacho hakijapita muda.

Mafuta ya baa 990 yakitoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano hupenya ngozi bila kuuma sana. Mtu anaona kitone, anacheka, anafuta. Baada ya saa chache mkono umevimba. Hilo ni jambo la upasuaji, na la dakika hiyohiyo: mkimbize hospitali ya Ligula na umwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyopenya kwa presha. Kwa hiyo hatutafuti mvujo kwa kidole. Tunashusha presha mpaka sifuri, ndipo tunasogea.

Hatua ya 6: Kuvuta

Watu wote wakae ubavuni, asiwepo mtu juu au chini ya mstari wa stadi. Stadi ikikatika inaruka kama risasi, na inaruka kufuata mstari wake.

Panda mpaka baa 300, simama. Sikiliza, tazama kama tenshona zote zimekaa wima. Panda 600, simama tena. Kisha 990. Zima pampu, mwangalie mshale wa geji. Ukishuka kuna mvujo. Shusha yote, tengeneza, anza upya. Ukitulia, mwite msaidizi.

Sasa anapita tenshona moja baada ya nyingine, anatia fimbo kwenye tundu la soketi kupitia dirishani na kuzungusha nati mpaka igote kwenye washa. Hapa mwache achukue muda wake. Nati ikiwa safi inateleza, halafu inasimama ghafla, unaisikia mkononi kama mlango uliofika kwenye fremu. Ikizidi kuwa nzito polepole, bado haijakaa, hiyo ni nyuzi inayosumbua. Umbali wote unaoufukuzia ni kama robo ya milimita, karatasi tatu za daftari. Ukiacha upenyo wa karatasi moja umepoteza theluthi ya kazi.

Achia vali taratibu mpaka sifuri. Halafu panda tena 990, zungusha nati tena. Mara ya kwanza nyuzi na washa zinajipanga, kwa hiyo mara ya pili nati itasogea kidogo. Ya tatu kwa kawaida haisogei. Mimi sihami kabla ya mara ya tatu.

Hatua ya 7: Shufwa, kisha witiri tena

Rudisha pistoni ndani, hamishia tenshona kwenye nambari shufwa, rudia yote. Shufwa zikibana, flanji inasinyaa kidogo na witiri zinalegea. Kwenye chuma kwa chuma kama hapa kulegea ni kidogo, tunarudi witiri kwa presha ileile mara moja na inatosha. Flanji za mabomba ya gesi zenye gasketi ni habari nyingine: injinia hukupa presha mbili, ya kwanza ikiwa kubwa zaidi ili kufidia. Usichanganye karatasi hizo mbili.

Hatua ya 8: Kuhakiki

Chagua bolti chache zilizotawanyika. Visha tenshona moja, panda polepole, simamisha kila hatua, jaribu nati kwa fimbo. Presha inapolingana na mvutano uliobaki, nati inaachia. Kwetu, 324,000 gawa kwa 4,200 ni kama baa 770. Ikiachia hapo, vizuri. Ikiachia chini sana, hakiki zote 24. Injinia ndiye anayesema "chini sana" ni ngapi, mwulize kabla ya siku ya kazi. Kila uliyoihakiki irudishe 990 na uikaze upya, maana umeshaisogeza. Andika namba zote daftarini, na zile mbaya pia.

Nyuzi zilizochomoza zipake grisi na uzifunike kofia. Kwa upepo huu wa bahari, stadi iliyoachwa wazi msimu mmoja haitavaa tenshona tena.

Kufungua

Siku ya kufungua, wengi hufanya kosa moja. Wanafunga nati ya kuvutia mpaka chini kama walivyofanya kwenye kukaza, wanapanda presha, wanalegeza nati, wanaachia. Bolti inarudi fupi, inaivuta nati ya kuvutia mpaka inaikandamiza pistoni ambayo haina pa kurudi, na tenshona inanasa pale. Kabla ya kupanda, legeza nati ya kuvutia nusu mzunguko. Panda mpaka nati iachie, usizidi 990, izungushe nyuma nusu mzunguko vilevile, kisha achia presha polepole. Ikiwa imekwishanasa, usiigonge kwa nyundo. Panda tena presha, kaza nati irudi chini mpaka kwenye washa, achia, legeza nati ya kuvutia kama inavyotakiwa, na uanze upya.