Kabla ya Kushika Mkasi: Kuunda Katuni kwa Vipande vya Karatasi Kwenye Albamu

Ukiitazama kazi hii kwa mbali utadhani ni ya mkasi na gundi tu. Kwa kweli sehemu kubwa huamuliwa na penseli. Unamchukua mhusika wa katuni, unamgawa kwa rangi zake, kila rangi unaikata kwenye karatasi yake, halafu unamuunganisha upya pembeni mwa picha zako. Hakuna kupaka rangi, kwa hiyo ukikosea mgawo mwanzoni, kosa litabaki linaonekana hadi mwisho.

Basi anza na kuchagua mhusika, na uchague kwa macho ya mkataji. Anayekufaa mwanzoni ni mwenye rangi tatu au nne na mistari minene iliyofungwa. Vitabu vya watoto vya kupaka rangi ni hazina hapa, maana michoro yake haina vivuli na kila sehemu ina mpaka wake. Mwenye nywele za nyuzinyuzi au shati la mistari mwache kwanza, hata kama ndiye mtoto wako anayempenda. Halafu fikiria ukubwa. Kurasa nyingi za albamu za aina hii, zile za kubandikia picha pamoja na mapambo, ni za sentimita 30 na nusu kila upande, na picha mbili za sentimita 10 kwa 15 hula nafasi kubwa. Mhusika wa urefu wa sentimita 10 hadi 13 hukaa vizuri. Akipungua chini ya 8, macho yake yanakuwa kama punje za mtama na utaishia kuyapoteza sakafuni.

Jambo moja la haki: wahusika wengi maarufu wana wenyewe. Kumkata kwa ajili ya albamu ya familia hakufanani na kumkata ili umuuze. Ukiwa na nia ya kuuza, omba ruhusa au buni wa kwako.

Sasa karatasi. Nunua manila yenye uzito wa gramu 176 hadi 216 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80, hulegea ikiguswa na gundi, na rangi iliyo chini yake hupenya ikaonekana. Ile nzito sana nayo inasumbua kwenye kona ndogo. Kabla hujakata, chana ncha ya karatasi utazame ndani. Ikiwa ndani ni nyeupe, kila ukingo utakaokata utaacha uzi mweupe, na itakubidi uupitishie kalamu ya rangi ileile. Ikiwa rangi imeingia hadi katikati, umeokoa kazi. Angalia pia kama pakiti imeandikwa kuwa karatasi haina asidi wala lignini. Lignini ni ile sehemu ya mti inayolifanya gazeti kuwa njano likikaa kwenye mwanga na hewa, na albamu ni kitu unachotaka wajukuu wakifungue.

Hapa ndipo penseli inapofanya kazi yake. Nakili mchoro mara mbili. Nakala moja usiikate kabisa, hiyo ni ramani yako. Ya pili ndiyo utakayoigawa. Tuseme ni mbwa aliyekaa. Jiulize nini kiko nyuma kabisa: mkia. Kisha sikio la mbali, mwili, kifua cheupe, kichwa, pua yake ndefu, macho, na mwisho sikio la karibu linaloangukia shavuni. Andika namba kwa mpangilio huohuo, kuanzia nyuma kuja mbele, kwenye nakala zote mbili. Halafu kila kipande kinachoingia chini ya kingine kiongezee milimita 4 upande ule unaofichwa. Shingo ikikatwa sawasawa na mstari wa kidevu, mkono ukitikisika kidogo tu wakati wa kubandika panabaki ufa. Ikiwa na nyongeza, unaweza kuinamisha kichwa upendavyo na bado shingo ipo chini yake.

Na uwe mwangalifu na upande wa kunakilia. Ukichora nyuma ya karatasi ya rangi ili penseli isionekane mbele, umbo litageuka kama kwenye kioo. Mbwa wangu wa kwanza niliyemkata hivyo alitoka akiwa ameipa mgongo picha ya mwanangu, ilhali nilitaka awe anamtazama. Niliumia, maana karatasi ile ya kahawia ilikuwa imekwisha. Tangu siku hiyo naugeuza mchoro kwanza dirishani, mwanga ukiupitia kwa nyuma, ndipo nanakili.

Vifaa si vingi. Mkasi mdogo wenye ncha kali, wembe wa kukatia wenye mpini, ubao wa kukatia, kibano, na kijiti cha kuchokolea meno kwa ajili ya gundi. Unapokata mviringo, tuliza mkasi uizungushe karatasi. Matundu ya ndani, kama nafasi kati ya mkono na kiuno, yatoe kwa wembe kabla ya kukata umbo la nje, wakati bado una karatasi ya kutosha ya kushikilia.

Macho yape muda kuliko kitu kingine chochote. Mhusika aliyekatwa vibaya masikio bado anatambulika, lakini mwenye macho mabaya anakuwa mtu mwingine. Duara linalotolewa na panchi ya ofisi lina kipenyo cha milimita 6 hivi, nalo linatosha kuwa mboni. Liweke bila gundi, ulisogeze kwa kibano milimita moja ndani, kisha moja nje, na utaona mhusika akibadilika kutoka mwenye mshangao hadi mwenye usingizi. Ukiridhika, weka nukta ndogo ya wino mweupe kwenye kila mboni, zote upande mmoja, kana kwamba mwanga unatoka dirisha moja.

Gundi iwe kidogo na iwe karibu na kingo, kwani ya maji ikizidi hukunja karatasi. Vipande vya sponji vyenye gundi huinua pua au mkono vikapendeza sana, lakini kumbuka albamu hufungwa, na kilichoinuka hukandamiza picha ya ukurasa unaotazamana nacho.

Kabla ya tone la kwanza la gundi, mpange mhusika mzima juu ya ile ramani na umpige picha kwa simu. Ukikatishwa na shughuli, weka vipande vyake vyote kwenye bahasha moja pamoja na ramani, na namba zikiwa zimeandikwa nyuma ya kila kipande.