Kuongeza video kwenye podikasti yako: kazi inayojificha na namna ya kuipunguza

Kama una podikasti ya sauti na kila siku watu wanakwambia "weka na video basi", soma hii kabla hujanunua kamera. Sikukatishi tamaa, video inaleta watu kweli, mwezi wa pili mwaka 2025 YouTube walitangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1 kwa mwezi wanafuatilia podikasti kwao, hiyo si namba ya kupuuza. Ila wengi wakipiga hesabu ya video wanahesabu kamera, stendi na taa, basi wanaona wamemaliza. Kamera ndo sehemu rahisi. Kinachokula muda ni kwamba ukishaweka picha unapoteza uhuru wa kukata, na karibu kila kitu ntakachoeleza hapa kinatokana na hilo.

Chukua mfano. Mgeni anasema "nilianza hiyo kazi mwaka... aah subiri kidogo, mwaka ule ule wa... nilianza nikiwa peke yangu, sina hata msaidizi". Kwenye sauti unakata kuanzia "nilianza" ya kwanza mpaka kabla ya ile ya pili, unalainisha pale kwenye kiungo, kwisha, hakuna msikilizaji atakayejua kuna kitu kilitoka. Kwenye video hapo hapo kichwa kinaruka, alikuwa kainamia kushoto kashika kikombe, ghafla kanyooka na kikombe hakipo mkononi. Sasa inabidi uchague: uhamie kamera nyingine, uvute picha iwe kubwa zaidi, ufunike kwa picha nyingine, uache kichwa kiruke hivyo hivyo, au umwache mgeni na kigugumizi chake. Huo ni uamuzi mmoja tu, na kipindi cha saa moja kina sehemu za hivyo kibao, hasa kama umezoea kusafisha kila "mm" na kila "yaani". Masaa yanaishia hapo.

Kwa hiyo kabla ya yote amua unataka video ya kiwango gani. Ya chini kabisa ni picha tuli ya jalada lako na sauti chini yake, YouTube wanaweza hata kuivuta wenyewe ukiwaunganishia RSS yako (kile kiungo kinachosambaza vipindi vyako kwenye programu za podikasti), hakuna kazi mpya hapo lakini pia usitegemee mtu atakaa kutazama jalada saa nzima. Ya juu ni kamera mbili tatu, unabadilisha kila mtu anapoongea, kila kitu kimesafishwa. Katikati kuna njia ambayo mimi naipenda zaidi kwa mtu anayeanza na ambaye hana mtu wa kuediti: rekodi video ya kipindi kizima, lakini toa klipu tatu nne tu zilizo nzuri, kipindi chenyewe kibaki sauti kama kawaida. Unapata picha za kuvutia watu wapya, unajifunza taa na kamera taratibu, na kosa la fokasi, yaani uso kuwa na ukungu, dakika ya 40 halikuharibii chochote. Fanya hivyo miezi kadhaa kwanza ndo uamue kama kipindi kizima kinastahili.

Ukiamua kwenda na kipindi kizima, kazi yako kubwa ni kupunguza vitu vya kukata tangu mnaporekodi. Mwambie mgeni mapema kabisa, tena kwa utulivu, kwamba akikosea asihangaike kujirekebisha katikati ya sentensi, anyamaze, avute pumzi, arudie sentensi yote toka mwanzo akiwa amekaa vile vile. Na we muulizaji uwe na maswali yako kichwani, maana kwenye sauti ulikuwa unasoma karatasi na hakuna aliyekuona, sasa kila ukiinamia karatasi inaonekana umemkimbia mgeni.

Kwa upande wa kamera, mbili zinatosha na hata moja inawezekana ukitumia akili. Rekodi kwa 4K halafu toa video ya mwisho kwa 1080p. 4K ni 3840 kwa 2160 na 1080p ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo una nafasi ya kuvuta picha hadi mara mbili bila kuharibika, na kamera moja inakupa picha pana na picha ya karibu. Ukivuta, vuta kweli, ile ya kuvuta kidogo sana mtazamaji anaona kama umekosea. Ukiwa na kamera mbili, mojawapo iwe pana inayowaonyesha wote, hiyo ndo itakayokuokoa mara nyingi maana midomo iko mbali na mruko haushikiki kirahisi. Na usizime kamera ya anayesikiliza, sekunde tatu za mtu anatikisa kichwa akisikiliza zinafunika mkato wowote.

Sasa kuoanisha sauti na picha. Usiitegemee maiki ya kamera, endelea kurekodi sauti vile ulivyozoea, ila iache kamera nayo irekodi sauti yake mbovu ili uwe na kitu cha kulinganishia. Mkianza piga kofi moja mbele ya kamera zote, na mkimaliza piga jingine. La mwanzo wengi wanalijua, la mwisho wanalisahau na ndo lenye faida zaidi, kwa sababu kila kifaa kina saa yake ndani na hizo saa hupishana kidogo, tofauti ndogo isiyoonekana dakika ya kwanza inaweza kuwa imekua dakika ya 60 na mdomo ukawa unafunga kabla neno halijaisha. Programu kama DaVinci Resolve au Premiere Pro zitakuoanishia zenyewe kwa kusikiliza sauti, lakini mwanzo ukikaa sawa haimaanishi mwisho uko sawa, nenda kaangalie kofi la mwisho. Watu wa utangazaji Ulaya, EBU, wanataka sauti isitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40 wala kuchelewa kwa zaidi ya 60, na ukirekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, fremu moja peke yake ni milisekunde 40. Yaani sauti ikitangulia kwa fremu moja tu umeshafika ukingoni.

Vitu viwili vinaleta hiyo shida bila sababu ya msingi. Kwanza rekoda ya sauti iko kwenye 44.1 kHz (yaani inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde) wakati video inatumia 48, weka vyote 48. Pili simu: simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kila mara zinaporekodi, mwanga ukipungua zinashusha, na programu ya kuediti inachanganyikiwa. Kama unatumia simu pitisha faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, uliweke kwenye fremu zisizobadilika, ndo uanze kuediti. Kamera zote ziwe na idadi moja ya fremu. Na kama taa zinapepesa kwenye picha, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, sehemu ya sekunde) ifuate umeme wa mahali ulipo, 1/50 au 1/100 kwa umeme wa 50 Hz, 1/60 au 1/120 kwa ule wa 60.

Mambo ya kujiendesha yenyewe zima yote. Mwanga, waiti balansi (namna kamera inavyosoma rangi ya mwanga), fokasi, vifunge. Mgeni mwenye shati jeupe akiinama mbele kidogo tu kamera inayojiendesha inatia giza chumba kizima, na we ndo utakaa kurekebisha rangi kipande kwa kipande. Funga na pazia pia, dirisha linapendeza lakini jua linasogea, ukichukua jibu la dakika ya 50 ukalibandika dakika ya 10 uso wa mtu unabadilika rangi katikati ya sentensi. Kwenye sauti kuhamisha jibu ilikuwa kazi ya kuburuta tu.

Halafu joto, hili watu hawaliwazii kabisa. Kwa ajili ya sauti unazima feni na kiyoyozi, kwa ajili ya picha unawasha taa, chumba kimefungwa, na kamera inarekodi 4K mfululizo. Kamera inachemka inajizima, na kwa kuwa we uko kwenye mazungumzo hujui. Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma pia zinakata zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59, ilitokana na ushuru wa Ulaya uliokuwa unatofautisha kamera za picha na kamera za video. Kwa hiyo kabla mgeni hajaja fanya jaribio la urefu kamili, chumba kile kile, taa zile zile, saa nzima na robo juu yake, kamera ikiwa imechomekwa kwenye umeme badala ya betri. Ukiona imevumilia ndo ualike mtu. Siku yenyewe mweke mtu mmoja kazi yake ni kuangalia ile alama nyekundu ya kurekodi tu, kama huna mtu geuza kioo cha kamera ukione ulipokaa.

Maiki nayo ina ugomvi wake na picha. Watu wanaisogeza mbali ili uso uonekane vizuri, sauti inakuwa ya bafuni, na wasikilizaji wako wa zamani ndo wanaoumia. Usifanye hivyo! Ibaki kama shubiri moja kutoka mdomoni, ila itokee chini ya kidevu au pembeni isifunike mdomo. Maiki kuonekana kwenye picha si aibu, ni podikasti. Miwani ikimulika taa, ipandishe taa juu na uisogeze pembeni. Nguo yenye mistari myembamba sana inachezacheza kwenye picha, mwambie mgeni siku moja kabla. Na kitu cha heshima kabisa: mgeni aliyekubali kurekodiwa sauti hajakubali kurekodiwa uso. Muulize upya, mweleze klipu zitaenda wapi, kuna wanaoongea mambo mazito kwa uhuru kwa sababu tu hawaonekani, na kwa hao sauti pekee ni bora kuliko video yoyote.

Nafasi ya kuhifadhi ipigie hesabu mapema. Sauti ya WAV ya stirio, 48 kHz na biti 24, saa moja ni kama GB 1. Kamera moja ya 4K inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Kamera mbili 90, na nakala ya akiba juu yake, 180, kipindi kimoja hicho. Laptopu ya kawaida itakwama kuyacheza mafaili hayo ya video, kwa hiyo iambie programu itengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuediti, iache ifanye usiku umelala.

Kwenye kuediti kuna njia ya kazi mara mbili na njia ya kazi mara moja. Ukimaliza kwanza sauti kama ulivyozoea halafu ndo uanze kuilazimisha picha ifuate, kila mkato utaufanya tena. Badala yake oanisha vyote kwanza, kata mambo makubwa kwenye taimlaini ya video (ule mstari wa muda unapopangia vipande), mada iliyopotea njia, swali lililorudiwa, mtu aliyeingia mlangoni. Ukiridhika itoe sauti peke yake kama faili, isafishe, irudishe chini ya picha urefu ule ule, hiyo ndo video. Ile sauti safi sasa ichukue ufanye toleo la podikasti, na huko ndo uondoe "mm" zote unazotaka kwa uhuru wako wa zamani. Toleo la sauti litakuwa fupi kidogo, kwa hiyo muda wa sura (zile dakika zinazoonyesha kila mada inaanzia wapi) usinakili kutoka moja kwenda jingine. Ukubwa wa sauti Apple wanapendekeza karibu -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), YouTube wanashusha chochote kinachozidi kama -14. Na mkiwa mnaonyesha kitu mezani msiseme "kama mnavyoona", kielezeni, kuna mtu anasikiliza akiwa anaendesha gari.

Kabla hujapandisha, itazame yote toka mwanzo mpaka mwisho kwa kasi ya kawaida. Najua umeshaichoka. Lakini kwenye sauti ukikuta kosa unabadilisha faili na kiungo kinabaki kile kile, YouTube hairuhusu kubadilisha video, utapunguza vipande tu au upandishe upya upoteze maoni na watazamaji wote. Na kupandisha kwenyewe kuna bei ya muda: video ya saa moja ya 1080p kwa megabiti 8 ni GB 3.6, intaneti yako ikipandisha megabiti 5 kwa sekunde hiyo ni saa 1 na dakika 36 kama haijakatika, kwa hiyo usipange kumaliza kuediti asubuhi ile ile uliyoahidi kipindi.

Klipu za wima ni 1080 kwa 1920, na mkiwa mmekaa mbalimbali hamtaenea wawili kwenye fremu moja, sogezeni viti. Maandishi yanayojiandika yenyewe yasome neno kwa neno, hasa majina ya watu. Na kipindi kikishatoka usibaki na faili zote, diski itakushinda, weka sauti ghafi, video ya mwisho, na dakika chache za kamera zote pale mgeni aliposema jambo ambalo utalihitaji tena, mengine futa baada ya mwezi.