Kabla hujasema jeni imebadilika, uliza kama kimeng'enya kimekata

Mwalimu mwenzangu, kama maabara yenu ina mashine ya PCR (ya kunakili DNA), friza na vifaa vya jeli, wanafunzi wako wanaweza kutafuta badiliko la jeni linalohusiana na saratani. Mimi huchagua kodoni ya 249 (kodoni ni herufi tatu za DNA zinazosomwa pamoja) ya jeni ya TP53, jeni inayozuia saratani, na somo naanzia kwenye mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na darasani hakosekani anayetoka huko. Sumu hiyohiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, hasa na mwenye homa ya ini B, inaweza kubadili herufi moja ya kodoni hiyo kwenye seli za ini: AGG ikawa AGT.

Gawa karatasi na penseli kwanza. Kodoni ya 249 na ya 250 zikiandikwa pamoja ni AGGCCC. Kimeng'enya HaeIII, protini inayokata DNA, hukata penye GGCC. Waitafute, wapige mstari. Sasa wageuze G ya pili kuwa T. Pa kukata hapapo tena. Asiyeliona hili kwenye karatasi asishike pipeti.

Sampuli za wagonjwa ziache. Tumia DNA ya seli za maabara: HepG2, ambazo TP53 yake ni nzima, yaani haijabadilika, na PLC/PRF/5, seli za saratani ya ini zilizooteshwa Afrika Kusini, zenye badiliko hilo. Andika namba tu kwenye mirija, majina ubaki nayo mwenyewe.

Zalisha kipande cha besi (herufi) 254 chenye eksoni ya 7, sehemu ya jeni yenye kodoni hiyo, kikate kwa nyuzi joto 37, kisha kipitishe kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 3, inayotenganisha vipande kwa urefu. Jeni nzima itatoa mistari ya 92 na 66, mbali na vipande vingine vinavyotoka katika kila sampuli. Iliyobadilika itabaki na 158.

Hapa usiwe na haraka. Kuna usiku umeme ulikatika na kimeng'enya chetu kikakaa kwenye joto. Kesho yake binti mmoja akaniita kwa furaha: "Mwalimu, zote zimebadilika!" Zote, hata HepG2. Nikamwambia asome urefu. Mstari wake ulikuwa 254, si 158. Kipande hiki kina GGCC nyingine kadhaa nje ya kodoni ya 249, na hizo lazima zikatwe katika kila sampuli. Ukiona 254 nzima, kimeng'enya hakijafanya kazi na jibu bado huna. Tangu siku hiyo kila kikundi changu huendesha HepG2 pembeni, na kimeng'enya hakitoki kwenye barafu.

Wakishazoea, wachanganye DNA hizo mbili, sehemu moja ya iliyobadilika kwa tisa za nzima, kwa sababu uvimbe wa mgonjwa huwa na seli nzima ndani yake. Mstari wa 158 utafifia. Wazidi kupunguza sehemu ya iliyobadilika mpaka wasiuone tena, waandike walipoishia.

Kwenye ripoti nakubali sentensi hii: "GGCC ya kodoni ya 249 haikukatwa." Herufi nyingine ya hapo ikibadilika mstari huwa uleule, hivyo aliyeandika AGT namtaka asome kwanza mfuatano wa besi zenyewe. Aliyeandika "ana saratani" namrudishia karatasi yake, tunakaa wote kuitazama jeli upya.