SOMO: Onyesho la michezo ya anga na falsafa kwenye uwanja wa shule

Wakuu, somo hili ni kwa wenye klabu za sayansi. Tafuta balungi, ulezi, gololi, bao na ndoo. Sheria ni moja: mchezo kwanza, swali baadaye, na msimamizi asitoe jibu.

Hatua ya 1: Balungi na ulezi. Milimita 1 iwe kilomita 10,000. Jua ni balungi la sentimita 14. Kabla ya kupima, kila mgeni aweke kijiwe pale anapodhani Dunia itakaa. Kisha pima mita 15, ubandike punje ya ulezi kwenye kadi. Humo ndimo tulimo sote. Mwezi ni chembe ya mchanga, sentimita 4 pembeni. Mshtarii (sayari ya Jupita) ni gololi, mita 78 kutoka kwenye balungi.

Hatua ya 2: Jua limeondolewa. Hapa usiharakishe. Watu watano wasimame penye ulezi, wamelipa balungi mgongo. Liondoe kimyakimya, watazamaji wasitoe siri. Mjumbe, ndiye mwanga, aanze safari kwa sentimita 3 kila sekunde, akifuata kamba iliyotiwa alama. Atatumia dakika 8 na sekunde 20. Kila dakika waulize wale watano: jua lipo? Watasema lipo. Mjumbe akiwagusa bega, wageuke. Sasa waulize watazamaji: hawa walikuwa wanasema uongo? Walikosea? Dakika moja kabla balungi halijaondoka wangesema maneno yaleyale, tena kwa sababu zilezile. Ubishi ukipamba moto, uache uwake.

Hatua ya 3: Bao linalohama. Wawili wakiwa katikati ya mchezo, vijana wabebe bao na kete zake zote hadi kona nyingine ya uwanja. Je, kete zimehama? Anayesema hapana, maana kila moja imo kwenye shimo lake, yuko na mwanafalsafa Leibniz: nafasi, yaani mahali vitu vilipo, ni uhusiano wa vitu tu. Anayesema ndiyo yuko na mwanasayansi Newton: nafasi ipo yenyewe, hata bila vitu. Leibniz na Samuel Clarke, aliyemtetea Newton, walibishana hayo kwa barua mwaka 1715 na 1716. Malizia kwa hoja ya Newton, ndoo ya maji iliyoning'inizwa kwa kamba: isokote, iachie. Maji yatapanda ukingoni. Yamejuaje kwamba yanazunguka?

MASWALI YA WANACHAMA

*Uwanja wetu ni mita 50 tu.*
Sayari ya Mirihi itaingia, iko mita 23. Usipunguze skeli, ulezi hautaonekana. Gololi itoe nje ya geti.

*Na nyota ya jirani?*
Proxima Centauri itakuwa kilomita 4,000 hivi. Kama uko Mombasa, chora mshale uandike "Cairo".

*Mzazi akilalamika kuwa nawatia watoto shaka kuhusu Mungu?*
Mwalike acheze. Clarke alikuwa kasisi, na Leibniz naye alijenga hoja zake kwa kumtaja Mungu.

*Nimejaribu ndoo. Inazunguka lakini maji yako bapa.*
Subiri kidogo, mkuu. Mwanzoni ndoo huzunguka peke yake, maji yametulia. Yakishaupata mwendo wa ndoo ndipo yanapanda, wakati ambapo ukiyalinganisha na ndoo hayasogei tena. Hoja yote ya Newton imo katika tofauti hiyo, kwa hiyo waonyeshe vipindi vyote viwili.