Jinsi ya kutoa maoni ya bajeti ya kaunti hadi yaingie kwenye ripoti

Kikao changu cha kwanza cha bajeti nilisimama nikataja mtaro, taa za barabarani, walimu wa shule ya msingi na usalama wa usiku, yote kwa pumzi moja. Watu walinipigia makofi. Ripoti ya kamati ilipotoka, maneno yangu yalikuwa yamegeuka mstari mmoja: wakaazi waliomba huduma ziboreshwe. Niliumia sana. Lakini nilipoisoma tena nilielewa kwamba karani hakunionea. Sikuwa nimempa kitu cha kuandika.

Tangu siku hiyo nimehudhuria vikao vingi huku Pwani, na majirani huniuliza wajitayarishe vipi. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Jua kalenda, kwa maana kikao cha mwisho si kikao kikubwa

Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kamati ya bajeti ya bunge hukusanya maoni baada ya hapo, ili bajeti ipitishwe kabla ya Juni kuisha.

Watu wengi huja mwezi wa tano. Mimi nakusihi usikose ule waraka wa Februari, ambao watu wa ofisini huuita CFSP. Humo ndimo kila idara inapowekewa kiwango cha juu cha fedha: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Bunge likishaupitisha, kamati haina nafasi kubwa ya kusogeza fedha. Kanuni za 2015 za sheria hiyo zinasema fungu la idara lisiongezwe wala kupunguzwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Kwa hivyo ukitaka idara ya maji ipewe zaidi, lisemee jambo hilo mwezi wa pili. Mwezi wa tano ni wa kuuliza fedha za idara zinakwenda kufanya nini.

2. Pata kitabu cha makadirio mapema

Tangazo la kikao mara nyingi huja siku chache tu kabla. Usilisubiri. Tazama kwenye tovuti ya kaunti, muulize mwakilishi wadi wako, au nenda ofisi ya karani wa bunge. Ukizungushwa, andika barua ukitumia sheria ya kupata habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 kukujibu. Hesabu siku hizo kurudi nyuma na utaona kwa nini barua hiyo inafaa kuandikwa mapema.

Kitabu ni kinene. Usikisome chote. Tafuta idara yako, kisha sehemu ya maendeleo, kisha jina la wadi yako. Andika namba ya ukurasa, jina la mradi na kiasi kilichotengwa.

3. Hakikisha ni jambo la kaunti

Walimu wa shule ya msingi na polisi wako chini ya serikali kuu. Zahanati, chekechea, masoko na taka ni za kaunti. Ukiuliza la serikali kuu, mwenyekiti atakueleza hivyo kwa upole na muda wako umekwisha.

4. Chagua jambo moja, na useme fedha zitoke wapi

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako zote. Sheria hiyo ya 2012, kifungu cha 131, inasema bunge likiongeza fedha mahali, lazima lipunguze mahali pengine. Mwananchi anayesema "tuongezeeni" ameiachia kamati kazi ngumu kuliko zote, nayo kamati ina siku chache na maombi mamia. Anayesema "toeni hapa, wekeni pale" amewapa pendekezo linaloweza kuandikwa lilivyo.

Ikiwezekana, toa na uweke ndani ya idara ileile. Ukifanya hivyo fungu la idara halibadiliki, na ile asilimia 1 haikuzuii.

Mfano wa maneno, kwa zahanati na kiasi cha kufikiria tu:

"Mheshimiwa mwenyekiti, natoka wadi hii. Nazungumzia idara ya afya, ukurasa wa 84. Zahanati yetu imetengewa shilingi milioni 3 za ukuta wa nje. Haina maji, akina mama wanaokuja kujifungua hubeba madumu kutoka nyumbani. Naomba milioni 1.2 zitolewe kwenye ukuta ziwekwe kwenye tangi na mabomba. Nimeleta maandishi."

Isome kwa sauti nyumbani. Haifiki dakika moja. Vikao vingi hukupa dakika mbili au tatu, na utashukuru ukibaki na muda wa kujibu swali.

Mkiwa kikundi, gawaneni. Mmoja aseme maji, mwingine dawa, mwingine choo cha soko. Watu kumi wakirudia jambo moja, karani huliandika mara moja.

5. Siku yenyewe

Fika mapema, ujiandikishe kwenye daftari la mahudhurio na uombe kuwekwa kwenye orodha ya wasemaji. Kaa mbele. Katika baadhi ya vikao nimeona wazee na wanaume wakishika kipaza sauti hadi saa zinakwisha, na akina mama waliofunga vibanda vyao ili waje wakirudi bila kusema. Hilo hunikera kila mwaka. Mama, ukiona hivyo, simama umwombe mwenyekiti nafasi kwa heshima, mbele ya watu wote. Sijaona mwenyekiti akikataa.

Ukimaliza kusema, usiondoke na karatasi yako.

6. Peleka maandishi upate mhuri

Andika ukurasa mmoja: jina, wadi, idara, ukurasa wa kitabu, kiasi cha sasa, kiasi unachopendekeza, sababu. Kwa Kiswahili inatosha kabisa. Ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Toa nakala mbili. Moja mkabidhi karani wa kamati au uipeleke ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Aliye na aibu ya kusimama mbele za watu anaweza kutumia njia hii peke yake, kwani maandishi nayo ni maoni.

7. Fuatilia

Omba ripoti ya kamati ikishawasilishwa bungeni. Tafuta ukurasa wako. Kama pendekezo limekataliwa, andika sababu waliyotoa. Kama hawakutoa sababu, muulize mwakilishi wadi wako kwa barua. Likikubaliwa, kazi bado ipo, kwa kuwa fedha zilizoandikwa huenda zisitumike. Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru ya kitaifa, hutoa ripoti za matumizi ya kaunti kila robo mwaka, na humo utaona idara yako imetumia kiasi gani cha fedha za maendeleo.

Ile nakala yenye mhuri itunze kavu. Mwezi wa tisa, mpango mpya wa mwaka ukifika bungeni, ndiyo utakayoanza nayo.