Moto umezimwa, sasa kagua moshi umefika wapi

Jirani yangu hapa Nkuhungu jiko lake liliwaka mwezi wa nane, moto ukazimwa haraka, akasema afadhali vyumba vimepona. Nikamwambia mama subiri kwanza, moto umeishia jikoni, moshi je?

Kabla ya yote zima meni swichi, na usiwashe friji wala tivii mpaka fundi umeme apite, maana moshi wa plastiki na nyaya zilizoungua una asidi inayokula shaba taratibu, yaani tivii inawaka leo baada ya wiki kwishney. Fungua madirisha, vaa barakoa na glavu, watoto walale kwa bibi. Piga picha kabla hujafuta chochote, mwenye nyumba na watu wa bima watazitaka.

Sasa Dodoma shida yetu ni vumbi, kiangazi na huu upepo kila kitu kina vumbi, utajuaje hili vumbi na hili masizi? Chukua kitambaa cheupe KIKAVU, pitisha mara moja juu ya fremu ya mlango. Kikitoka na wekundu wa udongo na unapukutika, hilo vumbi letu tu. Kikitoka cheusi na ukikisugua na kidole kinapaka kama grisi, moshi umefika. Ukutani usianze na maji aisee, unayashindilia masizi ndani ya rangi.

Moshi ukishapanda unagandia penye ubaridi, kwahiyo angalia kona za siling, nyuma ya pazia, ndani ya kabati la nguo, na upande darini na tochi. Kwa jirani chumba cha mwisho kilionekana kisafi kabisa, nikamulika siling nikaona vidoti vyeusi vimejipanga mstari, kumbe kila kidoti ni kichwa cha msumari, chuma kinapoa haraka kuliko bodi ndo maana masizi yanakaa pale.

Kama kilichoungua ni nyama au maharage sufuriani usitegemee weusi, hapo unapata utando wa njano wenye kunata na harufu kali.

Unga, karanga na dawa zilizokuwa wazi, tupa. Makopo yaliyopigwa na joto pia, hata kama hayajavimba.

Harufu usiipime mwenyewe, pua yako imeshazoea, ita mtu ambaye hajashinda humo ndani anuse godoro na nguo.